Marjun Anayetuua kwa Zamu

Marjun ndiye kinyozi pekee wa Toftavík, na kwa miaka mingi tuliamini kazi hiyo inamtosha. Kijiji chetu cha kisiwani, kaskazini ya mbali, kimejibana kati ya mlima na bahari. Kina kanisa, duka, ukumbi, na kondoo wengi kuliko waumini. Mtu mwenye busara akizaliwa hapa hujifunza mapema kutotaka makubwa. Marjun somo hilo lilimpita.

Siku moja, akimwosha kichwa mke wa kasisi, alianza kuilalamikia tamthilia ya polisi ya nchi jirani iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Katika mji mdogo kama kiganja, kila Jumapili jioni mtu mmoja alikuwa anakutwa amekufa.

"Wao wana nini ambacho sisi hatuna?" aliuliza. "Hata hapa tuna watu wanaostahili kuuawa."

Mke wa kasisi alikuwa na sabuni machoni, hakubisha. Marjun akaichukua kuwa ni idhini ya kijiji kizima, akaenda kununua kamera.

Mimi naitwa Dánjal, natunza jengo la shule, na niliingia katika sanaa kwa sababu ya urefu wa mikono. Marjun alinikuta natundika balbu bila ngazi. "Dánjal, nyoosha mkono," akasema. Nikanyoosha. Akanipa fimbo yenye maikrofoni nchani, imevishwa ngozi ya kondoo ili isisikie upepo, na tangu siku ile nimesimama nje ya picha katika filamu zake zote, isipokuwa pale mkono wangu unapoonekana. Unaonekana mara nyingi.

Namna yake ya kupata waigizaji ilikuwa rahisi na haikuwa na huruma. Ukienda kukata nywele, anaanza upande wa kulia. Akiumaliza, anaweka mkasi mezani, anajifuta mikono, kisha anakuuliza kwa upole kama umewahi kufikiria kuigiza. Pauli mwenye duka alijaribu kukataa. Alitoka mle saluni na nusu ya kazi, akauza mkate kwa siku kadhaa akiwa amevaa kofia ya baridi hadi masikioni, na wateja wakimuuliza kama dukani kuna baridi. Hatimaye alirudi, akakaa kwenye kiti kileile, akakubali kuwa mkaguzi wa polisi.

Filamu ya kwanza iliitwa *Damu kwenye Sufu*. Shida ilikuwa kwamba kila mtu alitaka kuwa maiti. Maiti hana maneno ya kukariri, analala chini, na ukoo wake hauaibiki. Muuaji ndiye aliyekosekana.

"Ukoo wetu haujawahi kutoa muuaji," alisema Pauli. "Ni mmoja tu, na huyo hatumtaji."

Ikabidi Hanus, mume wa Marjun, afanye mauaji yote. Hanus ni fundi wa mashine za boti, mtu mpole kiasi kwamba kondoo wake mwenyewe humsukuma kando apite nyuma yao. Aliwaua majirani wanne, na baada ya kila mmoja alimpa mkono na kumwinua, akamuuliza kama ameumia. Baadaye Marjun alipata kazi kubwa ya kuyakata maneno hayo.

Kisha hadithi ilimtaka muuaji akimbilie msituni. Visiwa vyetu havina msitu, hilo upepo ulishaliamua kabla ya babu zetu kufika. Kuna miti saba tu nyuma ya nyumba ya kasisi, imezungushiwa ukuta na inalelewa kama wajukuu. Hanus aliizunguka miti hiyo mchana kutwa, na Marjun akampiga picha kutoka kila upande ili miti saba iwe mia. Ingekuwa mia kweli, kama isingekuwa kamba ya kuanikia nguo. Popote muuaji alipogeukia katika msitu ule mnene, mbele yake ilipepea chupi ya kasisi.

Tulionyesha filamu hiyo ukumbini, na watu wakaanza kucheka tangu mauaji ya kwanza. Kufika msituni, mpiga kinanda wa kanisa alitolewa nje apate hewa. Marjun alisimama nyuma karibu na mlango, uso mweupe kama unga.

"Ni filamu ya huzuni," akaninong'oneza.

"Wanalia kwa ndani," nikamwambia.

Filamu ya pili ilihusu mababu zetu mashujaa, na humo Marjun aligundua adui mpya, yaani hali ya hewa. Kwetu mazungumzo mafupi tu yanaweza kupitia majira yote ya mwaka. Basi chifu wetu alianza kula kiapo juani, akafika katikati mvua ya mawe inampiga kichwani, akamalizia ndani ya ukungu ambamo ilibaki sauti tu, na miwani ya shujaa mmoja ikimetameta. Marjun alisema ukungu unaleta fumbo. Ulileta kweli, maana mpaka leo hakuna ajuaye ni upande gani ulishinda vita.

Hapo ndipo alipoingia Regin. Regin alikuwa mshauri wa mfuko mmoja wa sanaa kule Tórshavn, mjini, na alivaa skafu hata akiwa ndani ya nyumba. Marjun alikuwa amewaandikia akiomba msaada, naye akaja kuzitazama filamu mbili zile. Alizitazama kama mtu anayeonja maziwa yaliyolala nje.

"Marjun," alisema mwishoni, "filamu zako zinaongea mno."

"Si filamu. Wanaoongea ni watu."

"Ndiyo hao. Waondoe."

Akawaondoa. Filamu ya tatu ilikuwa na mzee mmoja anayekaa jikoni akitazama dirisha. Kuelekea mwisho anageuka na kutazama dirisha jingine. Marjun aliitengeneza kwa uaminifu mkubwa, na mimi niliishika maikrofoni kwa wiki nzima nikirekodi mtu asiyesema. Filamu ile ilikwenda kwenye tamasha moja huko Ujerumani, ikampatia zawadi ya kioo chenye umbo la tone la maji au jino, hatujakubaliana. Huku kwetu mpiga kinanda alikoroma ukumbini, na baadhi ya watu wakadhani ni sehemu ya filamu, wakaisifu.

Pauli alimsubiri Marjun mlangoni. "Lile dirisha la pili, lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu."

"Basi afadhali. Nilidhani nimesinzia kikanipita."

Watu walimpongeza wakitoka, mmoja mmoja, kwa sauti ile wanayotumia makaburini. Tulipokuwa tunapanga viti, Marjun alisimama na kiti mkononi.

"Mara ya kwanza walinicheka," akasema. "Sasa wananiheshimu. Sijui nimekosea wapi."

Ndipo akaandika ile ya nne, ya mzimu. Hadithi yenyewe haikuwa na makuu. Wanawake wawili majirani wanasikia vishindo darini, na mmoja anatambua kuwa ni marehemu mama wa mwenzake. Mzimu ungekuwa Hanus, kwa sababu shuka lilimtosha. Kwa wanawake wale wawili Marjun aliwataka Billa na Sunnvá. Nilimwambia amerukwa na akili.

Billa na Sunnvá ni ndugu wa tumbo moja, Billa mkubwa, Sunnvá mdogo. Nyumba zao zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya njia, na tangu mama yao azikwe hawakuwa wamesemeshana. Sisi wengine tulishajipanga kuishi na ugomvi wao kama tunavyoishi na upepo. Ukifanya sherehe unamwalika mmoja mchana na mwingine jioni. Kanisani Billa alikaa kulia na Sunnvá kushoto, na kasisi, ili asionekane anapendelea, alizoea kuhubiri akitazama njia iliyo katikati, kana kwamba wokovu uliletwa kwa ajili ya zulia. Sababu ya ugomvi kila mtu aliijua, na kila mtu alikuwa na yake. Wengine walisema ni bizimu ya fedha ya kufungia vazi la mama yao, wengine wimbo ulioimbwa mazikoni. Pauli alishikilia kwamba ni birika la kahawa.

Marjun aliwapata kwa njia yake ileile, kila mmoja siku yake.

"Nitaigiza na nani?" aliuliza Billa, upande wa kulia ukiwa tayari.

"Na jirani."

"Jirani yupi?"

"Wa kwenye hadithi, Bi Billa. Inamisha kichwa."

Asubuhi ya kupiga picha, mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa jikoni kwa Billa, naye ameketi anamenya viazi kama alivyoagizwa. Hanus alijificha stoo na shuka lake akisubiri zamu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Sunnvá na koti lake la kwenda kwa kondoo, anadondosha maji. Akamwona dada yake. Dada yake akamwona. Nilitazama dirisha, nikaelewa kidogo yule mzee wa filamu ya tatu.

"Haya, tunaanza," Marjun akasema haraka, kabla yeyote hajapata nafasi ya kuondoka.

Sunnvá aliuambia ukuta, "Nimesikia vishindo juu ya dari."

"Ni upepo tu," Billa akaviambia viazi.

"Huo si upepo. Ni mama—" Maneno ya kwenye karatasi yalikuwa *ni mama yako*. Sunnvá alikwama hapo. Akajaribu tena, akakwama tena. Kisha akamgeukia dada yake.

"Hukunipigia simu."

Nikatazama karatasi. Hayakuwemo. Marjun alinifanyia ishara kwa jicho nisitikisike, na kamera akaiacha iendelee.

"Unasemaje?" Billa akauliza.

"Mama alikuwa anakata roho Alhamisi kutwa, na mimi niko Denmark nakunywa kahawa na wenzangu, nacheka. Simu unayo. Ile pale ukutani, naiona."

Billa aliendelea kumenya. "Alinikataza."

"Nani?"

"Mama. Alisema, mwache Sunnvá apumzike, maisha yake yote hajawahi kutoka. Akasema atakungoja urudi. Mimi nikamwamini. Lini mama alisema jambo lisiwe?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye koti hadi sakafuni. Niliyasikia vizuri sana kwenye vipokea sauti, na hadi leo nikisikia koti linadondosha maji sipendi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuja mazikoni umevimba kama mkate, ukakaa safu ya nyuma kabisa na wageni. Nikasema, basi, kama ndivyo anavyoniona."

"Nilikaa nyuma kwa sababu safu ya mbele ulijaza wajukuu zako."

"Ungesema wasogee."

"Ungesema wewe."

Halafu Sunnvá akaenda kwenye kabati, akavuta droo, wala hakukosea droo, akatoa kisu. Akaketi na koti lake lilelile bichi, akachukua kiazi.

"Unamenya nene," akasema baadaye. "Nusu ya kiazi unatupa."

"Menya vyako."

Tulikuwa tumemsahau Hanus. Alipotoka stoo, shuka lilikuwa limelowa usoni, na alikuwa anapiga kwikwi. Billa alimpa taulo la vyombo. Hivyo ndivyo mzimu ulivyotokea, na haukumtisha mtu.

Kwa kuwa sanaa ina itifaki yake, wa kwanza kuonyeshwa kipande kile hawakuwa Billa na Sunnvá, alikuwa Regin. Akapiga simu siku hiyohiyo, yeye ambaye hujibu barua baada ya msimu. Alimwambia Marjun asiguse hata punje, asiongeze, asipunguze, na amtupe yule mtu wa shuka. Alisema filamu itafika mbali. Marjun alitembea kijijini siku mbili tatu akiwa amenyoosha shingo, na watu wakadhani ana jipu.

Kisha akaoka keki, akawaita wale dada wawili nyumbani kwake, akawaonyesha. Nami niliitwa, nadhani kwa ajili ya usalama. Walitazama hadi mwisho. Nikaona kidevu cha Sunnvá kinatetemeka, nikajua sasa mambo yamekwisha vizuri.

"Zile sufuria," akasema Billa.

"Sufuria zipi?" Marjun akauliza.

"Nyuma yangu. Hazijaoshwa."

"Na mimi nina koti la kondoo," akasema Sunnvá. "Lina mavi begani. Tazama, rudisha nyuma. Hapo."

"Hakuna atakayeangalia bega, Bi Sunnvá."

"Kijiji hiki? Hawataangalia kingine."

"Ifute," akasema Billa.

Marjun aliketi chini. Aliwaeleza kwa utaratibu kwamba ametafuta kitu kile tangu aliponunua kamera, kwamba hakijaigizwa, ni kweli tupu.

"Ndiyo," Billa akasema, "na kweli yenyewe ni chafu. Futa, tutafanya tena Jumamosi nikishasafisha nyumba. Maneno tunayajua. Na nywele utatutengeneza wewe."

Marjun alikaa muda mrefu na kidole juu ya kitufe. Halafu akabonyeza. Sunnvá alivaa miwani na kusogea karibu ahakikishe. Tulipokuwa tunawasindikiza nje nilimuuliza Marjun kwa nini hakubakiza nakala, maana hata mimi, mtu wa kutundika balbu, nisingekosa kuibakiza.

"Hawa nitawashika vichwa mpaka wafe au mpaka nife," akanijibu. "Regin hamnyoi mtu."

Jumamosi jikoni kwa Billa kuling'aa hata nikavua viatu bila kuambiwa. Mapazia yalikuwa mapya. Viazi vilifukuzwa, mahali pavyo ikawekwa keki ya jemu ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustani zetu. Dada wote wawili walivaa nguo zao za sikukuu, zenye minyororo ya fedha kifuani, na nywele zao zilikuwa ngumu kama helmeti. Wakayasema maneno yaleyale, moja baada ya jingine, kama watoto wanaosoma Biblia mbele ya wazazi siku ya Krismasi.

"Hukunipigia simu," Sunnvá aliiambia kamera, akitabasamu.

"Alinikataza," akasema Billa, akimsogezea keki.

Marjun alijaribu kuwarudisha kwenye hali ya siku ile. Aliwaomba wasitabasamu, wasitazame kamera. Waliahidi, wakatabasamu tena, wakaitazama. Alichukua kipande hichohicho mara nyingi, kila mara kikiwa kibaya kuliko kilichotangulia, na mwishowe akachagua kile ambacho angalau mkono wangu haukuonekana.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Walikuja kucheka, hawakuficha. Walimcheka Hanus aliponaswa na shuka mlangoni. Kisha likaja jiko la Billa, na hao hapo dada wawili kwenye meza moja, sahani moja ya keki katikati. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyesikiliza maneno, na ilikuwa heri. Walitazama tu wale wanawake walioketi pamoja. Pauli alivua kofia. Mke wa kasisi alitafuta kitambaa kwenye mkoba, akakikosa, akatumia skafu ya mtu aliyekaa mbele yake, ambaye kwa bahati alikuwa Regin. Watu wazima walilia ukumbini kwa ajili ya uigizaji mbovu kuliko wote niliowahi kuusimamia na maikrofoni, na niliwahi kumsimamia chifu wa ukungu.

Billa na Sunnvá wenyewe walikaa mbele, Hanus akiwa katikati yao. Walikuwa wamegombana asubuhi kuhusu nani aliigiza vizuri zaidi.

Regin alimkuta Marjun mlangoni. "Umeiua," akamwambia. "Ulikuwa na kitu hai, ukakiua."

"Chukua keki, Regin," akajibu Marjun. "Ni ya rubabu."

Mfuko ule haujamwandikia tena, wala yeye hajauandikia. Filamu haikufika Ujerumani. Imefika kisiwa cha pili, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko tuliipeleka kwa feri, Marjun, mimi na wale dada, ambao siku hizi husafiri na filamu kama mawaziri na hotuba yao. Nilitandaza shuka la Hanus ukutani, tukaanza. Lilipofika jiko lile linalong'aa, Billa akasimama katikati ya mwanga wa projekta, kivuli chake kikaifunika keki.

"Siku yenyewe haikuwa hivi," akawaambia wale wazee. "Siku yenyewe nilikuwa na sufuria chafu."

Akawaeleza yote, tangu koti lililodondosha maji hadi droo ya visu, na jinsi mama alivyosema atangoja. Aliposema hilo sauti yake ilishuka, akatafuta mkono wa kushika, Sunnvá akampa wake bila kumtazama. Hakuwa anaigiza hata kidogo. Marjun alisimama kando ya projekta, mikono mitupu. Kamera aliiacha nyumbani, kwa kuwa alikuja kuonyesha filamu, si kupiga. Nilimwona anaangalia mle chumbani, taa inaangukia wapi, nani kakaa wapi, halafu akaacha kuangalia hayo, akasikiliza kama wengine.

"Haikuwa Alhamisi," akasema Sunnvá. "Nimefikiri sana. Ilikuwa Jumatano."

"Ilikuwa Alhamisi."

"Jumatano, Billa. Feri haitembei Alhamisi."

"Ulikuwa Denmark, feri ya huku inakuhusu nini?"

"Jamani, kaeni chini," akasema mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa na blanketi magotini. "Mzimu unakuja."